Mwongozo wa kuitembelea misekwoya mikubwa ya California bila kuiumiza

Anayejiandaa kwenda kuiona misekwoya mikubwa kwa mara ya kwanza huuliza kuhusu dubu, baridi na barabara za milimani. Maswali hayo yana majibu, na yamo humu. Swali ambalo watu hawaulizi ndilo kubwa zaidi: nikifika, nikanyage wapi? Miti hii imevumilia radi, ukame, theluji na moto kwa miaka elfu mbili na zaidi. Kinachoitesa ni udongo ulioshindiliwa na nyayo za watu wengi, kila mmoja akitaka picha yake ya karibu.

Ninawaandikia hasa ndugu zetu wanaoishi Marekani na wageni wao wanaotoka nyumbani, maana safari hii mara nyingi huwa hivyo: mwenyeji anaendesha, mjomba au shangazi amekaa mbele, watoto nyuma, na siku ni moja tu.

Ujue kwanza unakwenda kuona mti gani

California ina miti miwili mashuhuri ambayo watu huichanganya. Ule wa pwani, Sequoia sempervirens, ndio mrefu kuliko miti yote duniani. Huu wetu ni Sequoiadendron giganteum, na kwa asili yake hauoti popote isipokuwa kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Sierra Nevada, katika misitu midogo isiyofika mia moja. Ukifika San Francisco ukaambiwa kuna "miti mikubwa" mwendo wa saa moja tu, huo ni ule wa pwani. Ni mzuri, lakini siyo huu.

Sifa ya msekwoya mkubwa ni ujazo. General Sherman, unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko miti yote iliyo hai yenye shina moja, una urefu wa mita 83.8, mzingo wa mita 31 pale chini, na shina lenye mita za ujazo 1,487 hivi. Kwa urefu pekee usingetushangaza sana sisi wa Afrika Mashariki: mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro upo mti wa jamii ya Entandrophragma excelsum wenye mita 81.5, mrefu kuliko wowote uliowahi kupimwa Afrika. Huo unakaribiana kabisa na General Grant, msekwoya mwingine mashuhuri. Unene ndio unaowatenga. Shina la mti wa Kilimanjaro lina kipenyo cha mita 2.5 hivi, la General Grant, pale chini, linapita mita 12.

Mambo matatu kuhusu maumbile ya mti huu yatakusaidia kuelewa kila katazo utakalolikuta njiani.

Gome lake huweza kufika unene wa sentimita 60, ni laini ukilibonyeza, lina tanini nyingi (kemikali chungu iliyomo magomeni) na halina utomvu unaoshika moto kirahisi. Ndiyo maana moto wa chini hupita na kuuacha mti ukiwa hai, na makovu meusi unayoyaona shinani ni historia tu.

Mizizi ndiyo sehemu yake dhaifu. Mti uliokomaa hauna mzizi mkuu unaozama ardhini. Mizizi yake hutandaa kwa upana, mita 30 na zaidi kutoka shinani, na ile myembamba inayonyonya maji hukaa karibu sana na uso wa udongo. Kwa hiyo ukisimama mita 10 kutoka kwenye gome ukadhani umeuacha mti kwa heshima, bado uko juu yake. Udongo ukishindiliwa, vitundu vinavyopitisha hewa na maji huziba.

Mbegu, mwishowe, haizidi punje ya mchele. Hukaa ndani ya koni ngumu ya ukubwa wa yai, na koni hizo huweza kubaki kijani zikiwa zimefungwa mtini hadi miaka 20. Kinachozifungua ni joto la moto unaopita chini, au kindi wa Douglas anayezitafuna, au mbawakawa mdogo anayetoboa humo. Mbegu ikianguka juu ya majani makavu hufa. Inataka udongo mtupu, majivu na jua. Shika jambo hili, tutalirudia tukifika kwenye moto.

Hatua ya 1: Chagua msitu mmoja

Kosa la wageni wengi ni kutaka kuona miti yote kwa siku moja. Matokeo yake ni kukaa garini kutwa, kisha kukimbia dakika kumi kwa kila mti. Chagua msitu mmoja uutembee.

Kama ni mara moja tu maishani, mimi nasema Giant Forest, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, iliyoanzishwa Septemba 1890. Ndipo ulipo General Sherman. Lakini usiishie hapo, kwa sababu pale pana msongamano na uzio na foleni ya picha. Kutoka General Sherman inaanza Congress Trail, njia ya mzunguko ya kilomita 4 hadi 5, iliyosakafiwa, inayopita katikati ya miti mikubwa kwelikweli ambayo hakuna anayeipigia foleni. Baada ya nusu kilomita ya kwanza watu hupungua sana. Mwenye watoto wadogo au mzee asiyeweza kwenda mbali apelekwe Big Trees Trail, inayozunguka mbuga ya majani mabichi karibu na jumba la makumbusho la Giant Forest. Ni tambarare, na kiti cha magurudumu kinapita.

Msitu huo una funzo lake. Zamani ulikuwa na hoteli, duka, vibanda vya kulala wageni na mabomba ya maji taka, vyote juu ya mizizi. Miaka ya mwisho ya 1990 hifadhi ilibomoa zaidi ya majengo 280, ikachimbua lami na kuurudishia udongo hali yake. Jumba la makumbusho la sasa ndilo lililokuwa duka. Ukiingia humo ukitoka, mti ulio mbele yako unaitwa Sentinel. Ni wa wastani tu kwa miti ya pale, nao utakufunza ni ukubwa gani unaokungoja ndani.

Grant Grove iko katika Hifadhi ya Kings Canyon, saa moja na zaidi kwa gari kutoka Giant Forest. Njia yake ya kumzunguka General Grant haifiki hata kilomita moja, kwa hiyo ndiyo nafuu kwa familia iliyochoka. Hapo utapita ndani ya msekwoya ulioanguka zamani ukaachwa ukiwa tundu, ambao watu waliugeuza kibanda. Kupita humo kunaruhusiwa. Kupanda juu yake hapana.

Mariposa Grove, katika Hifadhi ya Yosemite, ina zaidi ya miti 500 iliyokomaa, na ndiyo yenye historia ndefu ya ulinzi: Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kuulinda msitu huo pamoja na Bonde la Yosemite mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea. Pia ndiko watu walikotoboa miti ili magari ya farasi yapite. Ule wa Wawona ulitobolewa mwaka 1881, ukaanguka mwaka 1969 chini ya uzito wa theluji. Siku hizi unaegesha gari kwenye uwanja wa mapokezi na kupanda basi la bure hadi msituni, na sehemu kadhaa za njia ni za mbao zilizoinuliwa ili maji yapite chini na mizizi isikanyagwe.

Calaveras ni hifadhi ya jimbo, kaskazini zaidi. Nenda huko ukitaka kuona ubaya uliofanywa na uchu wa maonyesho. Mwaka 1853 waliuangusha mti wa kwanza uliopata umaarufu, na kisiki chake kikafanywa ukumbi wa kuchezea dansi. Mwaka uliofuata wakauchuna mwingine gome ukiwa bado umesimama, gome likasafirishwa hadi New York na kisha London kuonyeshwa kwa kiingilio. Mti uliochunwa ulikufa. Wapo waliolipa kiingilio wakaondoka wakisema huo ni uongo wa watu wa California.

Mwenye mbwa anayo chaguo moja la maana: Trail of 100 Giants, katika eneo la kusini linalosimamiwa na idara ya misitu. Humo mbwa mwenye kamba anaruhusiwa. Katika hifadhi za taifa mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu, na kumwacha garini wakati wa joto ni ukatili, basi abaki nyumbani.

Hatua ya 2: Panga wakati

Septemba baada ya shule kufunguliwa ni kipindi kizuri kuliko vyote, ila ndicho pia kipindi cha moshi. Katikati ya Juni ni pazuri vilevile: theluji imeyeyuka, maua yametoka, na umati wa Julai haujafika. Kuanzia Novemba hadi Mei theluji inaweza kuanguka wakati wowote, na barabara hufungwa bila taarifa ndefu. Msitu wakati wa theluji unapendeza mno, na wanaoupata hivyo husimulia miaka. Lakini si safari ya mtu asiyezoea kuendesha kwenye barafu.

Vyovyote vile, fika kabla ya saa tatu asubuhi, au ingia saa kumi jioni. Katikati ya siku za kiangazi maegesho hujaa, na dereva aliyekosa nafasi ndiye anayepandisha magurudumu juu ya majani kando ya barabara. Huko ndiko miche inakootea, na majani makavu yakigusana na bomba la moshi la gari lenye moto huwaka.

Asubuhi ya safari, angalia tovuti ya hifadhi kuona hali ya barabara, moto na moshi. Angalia ukiwa bado na mtandao. Milimani simu haishiki sehemu kubwa, kwa hiyo pakua ramani mapema, na usiifuate simu ikikuonyesha njia ya mkato.

Hatua ya 3: Malipo na mizigo

Kiingilio cha gari la kawaida katika Sequoia na Kings Canyon ni dola 35 kwa siku saba, na kinatumika katika hifadhi zote mbili. Yosemite nako ni dola 35. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, wageni wasio wakazi wa Marekani wenye umri wa miaka 16 na zaidi wanaongezwa dola 100 kila mmoja katika hifadhi 11 zinazotembelewa zaidi, na hizi tunazozizungumzia zimo. Shangazi na mjomba wakitoka Dar es Salaam, basi, ongeza dola 200 kwenye bajeti. Kuna kadi ya mwaka ya wageni ya dola 250. Kundi kubwa lifanye hesabu na kuuliza kabla inafunika watu wangapi. Mkazi abebe kitambulisho chake kilichotolewa na serikali ya Marekani. Beba kadi ya benki pia, usitegemee noti.

Vaa nguo za tabaka. Mjini Visalia, bondeni, joto linaweza kuzidi nyuzi 38 huku Giant Forest, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, watu wamevaa sweta. Maji lita mbili kwa kila mtu mzima. Chakula cha kutosha, kwa kuwa mikahawa ni michache na ghali. Viatu vyenye nyayo safi: ukikung'uta matope ya safari iliyopita kabla ya kuondoka nyumbani, hubebi mbegu za magugu wala vimelea vya udongo wa kwingine.

Kuni usibebe. Wadudu na vimelea vya miti husafiri ndani ya magogo ya kuni. Anayepiga kambi anunue kuni palepale atakapozichoma.

Hatua ya 4: Barabara

Kutoka Visalia unafuata barabara nambari 198 kupitia Three Rivers. Jaza mafuta hapo au kabla yake, maana ndani ya Hifadhi ya Sequoia hakuna kituo. Kutoka Fresno unafuata nambari 180 hadi Grant Grove. Njia hizo mbili zinaunganishwa na Generals Highway, iliyopewa jina hilo kwa ajili ya ile miti miwili yenye majina ya majenerali. Kwa wapenda siasa: wajamaa wa Kaweah, jumuiya ya ushirika iliyokuwa huko miaka ya 1880, waliuita General Sherman mti wa Karl Marx.

Kutoka lango la chini hadi Giant Forest ni kama kilomita 26 tu, lakini zina kona zaidi ya mia moja, na unapanda karibu mita 1,400. Gari linalozidi mita 6.7 halishauriwi kupita upande huo; wenye magari ya kulala wapitie Fresno. Mwenye tumbo jepesi anywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kuanza kupanda. Wakati wa kushuka tia gia ndogo, uiache injini ishike gari. Harufu ya breki zinazoungua ni ya kawaida sana pale chini, na karibu kila mara gari ni la kukodi.

Ukiwa njiani jua nani aliyeifungua. Majira ya kiangazi ya mwaka 1903 hifadhi hiyo iliongozwa na Kapteni Charles Young, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864, na wa kwanza wa watu weusi kushika uongozi wa hifadhi ya taifa. Yeye na askari wake weusi wa kikosi cha farasi waliikamilisha barabara ya magari ya farasi hadi Giant Forest. Watu wa pale walipotaka kuupa mti jina lake, alikataa, akapendekeza la Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani Weusi. Mti wa jina lake mwenyewe ulikuja baada ya takriban miaka mia. Alifariki Lagos, Nigeria, mwaka 1922, akiwa kazini. Waonyeshe watoto miti hiyo miwili. Iko katika Giant Forest.

Ukishaegesha, chakula, dawa za meno, mafuta ya kupaka na chochote chenye harufu visibaki ovyo. Kwenye maegesho mengi kuna makasha ya chuma ya kuhifadhia. Yatumie na ufunge komeo. Dubu aliyezoea chakula cha watu huishia kuuawa, na kosa si lake.

Hatua ya 5: Miguu yako njiani

Njia ya kushuka kwenye General Sherman ina urefu wa mita 800, imesakafiwa, ina ngazi na mabenchi. Kushuka ni rahisi. Kurudi ni kupanda mita 60 kwenye hewa nyepesi, na wazee hushtuka. Wakati wa kiangazi basi la bure la hifadhi husimama pia upande wa chini, kwenye barabara kuu, kwa hiyo babu na bibi washuke polepole na kupandia hapo. Mwenye kibali cha ulemavu anaegesha gari hukohuko chini.

Sasa, kanuni zenyewe.

Baki juu ya njia. Siyo karibu na njia, juu yake. Ukiona kijia kilichochongwa na nyayo za watu kuelekea kwenye shina, hicho si ruhusa, ni jeraha. Penye matope au theluji usizunguke kando. Pita katikati, viatu vioshwe baadaye. Mtu mmoja akizunguka, wa pili hufuata, na baada ya msimu njia imekuwa na upana mara mbili.

Uzio uliopo, hata ule wa kamba au mbao za chini mtoto anaoweza kuuruka, usiruke. Upo kwa ajili ya mizizi. Kuna miti ambayo njia imepangwa ipite karibu na gome ili wageni waguse. Pale gusa kwa kiganja, uone ulivyo laini. Usibandue kipande. Watu elfu moja wakibandua kipande kidogo kidogo, wamefanya walichofanya wale wa 1854, taratibu zaidi.

Usichonge jina. Sisi tunaujua ugonjwa huu. Nenda ukatazame mibuyu iliyo karibu na barabara. Kwenye gome nene la msekwoya jina hubaki muda mrefu, na kila anayeliona hupata wazo.

Koni uziache zilipo. Najua zinavutia, na watoto watazikusanya kabla hujageuka. Kuchukua koni, mbegu, gome au mche kutoka hifadhi ya taifa ni kosa la kisheria, na hizo ndizo mbegu zinazongoja moto. Mtoto apewe kazi nyingine: kwenye ofisi za wageni kuna vitabu vya watoto vyenye maswali ya kujibu, wakimaliza wanakula kiapo mbele ya askari wa hifadhi na kuvishwa beji. Hiyo wanairudisha nyumbani kwa fahari zaidi kuliko koni.

Tazama chini pia. Mche wa msekwoya wa miaka miwili mitatu ni kijimti chembamba cha kijani kinachofika kifundoni, kinafanana na mvinje mdogo, na mtu hukikanyaga bila kujua. Kando ya njia, penye jua na udongo uliochimbuliwa, ndipo hupenda kuota.

Upepo ukivuma kwa nguvu, au ukiwa katika msitu ulioungua, usikae chini ya miti. Matawi ya msekwoya huweza kuwa manene kama miti mizima, na huanguka bila onyo. Radi ikianza kunguruma, kama uko juu ya Moro Rock, jabali lililo karibu na Giant Forest, ondoka mara moja. Lile jabali lina ngazi zaidi ya 350 na vyuma vya kushikilia, na ni mahali pabaya kabisa pa kusubiri mvua ikatike.

Mijikenda wa pwani ya Kenya wanakatazana hata kuokota ukuni katika misitu ya kaya. Aliyelelewa na katazo kama hilo hatahitaji kusoma vibao vya Giant Forest mara mbili.

Hatua ya 6: Uelewe moto, na uuzime wako

Hapa ndipo wageni wanapochanganyikiwa: wanaona mashina meusi, wanasoma kwamba moto unaua misekwoya, kisha wanasikia kwamba hifadhi yenyewe inawasha moto. Yote ni kweli.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakiwemo Wamono na Wayokuts, walikuwa wakichoma ardhi kwa makusudi kwa vizazi, na radi nayo ilikuwa ikiwasha moto mdogo mdogo. Moto huo ulikula majani makavu, ukafungua koni, ukaandaa udongo. Serikali ilipoanza kuuzima kila moto, kwa zaidi ya nusu karne misitu ilijaa matawi makavu na miti mingine midogo inayopenda kivuli. Miti hiyo midogo ni ngazi: moto hupanda juu yake hadi kwenye matawi ya msekwoya, mahali ambapo gome nene halisaidii. Miaka ya 1960 watafiti, Richard Hartesveldt akiwa mstari wa mbele, walionyesha kwamba bila moto hakuna miche, na hifadhi zikaanza kuchoma kwa mpango. Lakini eneo lililochomwa halikutosha.

Kisha yakaja ya 2020 na 2021. Moto wa Castle, halafu KNP Complex na Windy, vikichochewa na ukame na joto, viliua kwa makadirio asilimia 13 hadi 19 ya misekwoya yote mikubwa duniani, ndani ya miaka miwili. Septemba 2021 wazima moto waliifunga sehemu ya chini ya General Sherman kwa karatasi nene ya alumini. Mti ulipona, na kilichosaidia sana ni kwamba eneo lake lilikuwa limechomwa kwa mpango mara nyingi miaka ya nyuma. Miti iliyodhoofishwa na ukame na moto sasa inashambuliwa na mbawakawa wa magome pia, jambo ambalo zamani halikuwa tishio kwa misekwoya mikubwa.

Kwa hiyo ukikuta moshi na kibao kinachosema ni moto wa mpango, usilalamike kwamba umeharibiwa picha. Hiyo ndiyo kinga yenyewe. Moto usio na kibao, toa taarifa kwa namba ya dharura, 911, au kwa askari wa karibu.

Moto wako wewe uwe ndani ya jiko la kambi tu, siku zisizo na marufuku. Kuuzima: mwaga maji, koroga majivu kwa koleo, mwaga tena, kisha sogeza kiganja. Pakiwa na uvuguvugu, rudia. Kuufukia kwa udongo hakutoshi, makaa hukaa chini yake na kuamka usiku. Sigara isivutwe ukiwa unatembea. Anayevuta trela ahakikishe minyororo haiburuzi lami, kwa kuwa cheche moja kwenye majani ya Agosti inatosha. Na fataki, hata ndogo za watoto, zimepigwa marufuku kabisa.

Hatua ya 7: Picha na unachoweka mtandaoni

Msekwoya mzima hauingii kwenye picha ukiwa chini yake. Rudi nyuma kwa kufuata njia, siyo kwa kukanyaga msituni, na umweke mtu shinani kwenye njia ili ukubwa uonekane. Droni haziruhusiwi katika hifadhi za taifa.

Ukiuona mti mkubwa usio na kibao, usiweke mtandaoni mahali ulipo. Hyperion, ule wa pwani wenye mita 115 na zaidi, hauna njia ya miguu. Baada ya kugunduliwa mwaka 2006 watu walisambaza mahali ulipo, wakaja kwa wingi, wakakanyaga mpaka mimea ya chini ikaisha na pembeni pakageuka choo. Mwaka 2022 hifadhi ilifunga eneo hilo: anayekamatwa huko anaweza kutozwa faini ya dola 5,000 na kufungwa hadi miezi sita.

Ukitaka kusaidia zaidi

Anayeishi karibu anaweza kujitolea na hifadhi kwa kazi za kurekebisha njia na kung'oa magugu. Mwenye fedha anaweza kuchangia shirika la Save the Redwoods League, iliyonunua msitu wa Alder Creek, uliokuwa mali ya familia, ili usije ukauzwa vipande. Usinunue vinyago vya msekwoya kwa muuzaji asiyeweza kusema mti ulitoka wapi.

Na asiyeweza kufika California, aliye Uingereza, ana bahati: mbegu zilifikishwa huko tangu 1853, na matajiri wa enzi ya Malkia Victoria walishindana kuipanda kwenye viwanja vyao. Katika bustani ya Benmore, Uskoti, kuna barabara ya miguu yenye misekwoya 49 pande zote mbili, iliyopandwa mwaka 1863, na sasa inapita mita 50. Ni vijana bado. Mizizi yao nayo iko juujuu vilevile, basi pita katikati.